Mlo wa Kwanza wa Samaki: Planktoni Ndogo na Hatima ya Lava katika Ziwa Victoria na Vituo vya Vifaranga vya Uganda

Ikisiri

Makala haya yanaeleza nafasi ya planktoni ndogo kabisa katika siku chache za mwanzo za uhai wa samaki, yaani kipindi kati ya kuisha kwa akiba ya kiini cha yai na kupatikana kwa mlo wa kwanza. Maelezo yanaanzia kwenye sayansi ya bahari, ambako suala hili lilichunguzwa mapema zaidi, kisha yanahamia Ziwa Victoria na vituo vya kutotolesha vifaranga vilivyo karibu na Kampala. Hoja yetu ni kwamba sera ya uvuvi inayohesabu boti, nyavu na samaki wakubwa peke yake huacha nje jambo linaloamua kwa kiasi kikubwa ni samaki wangapi watakaofikia ukubwa wa kuvuliwa. Na kwamba ufugaji wa kambale unaotegemea chakula hai cha kuagizwa kutoka ng'ambo unaweza kupunguza utegemezi huo kwa viumbe waliomo tayari katika mabwawa yetu.

Utangulizi

Sangara jike aliyekomaa huachia mayai kwa mamilioni. Tuchukulie, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba kati ya kila mayai milioni moja wanapatikana samaki wawili wanaoishi hadi kuzaa. Hapo idadi ya samaki ziwani haipandi wala haishuki. Wakipatikana wanne badala ya wawili, idadi inaongezeka maradufu. Akipatikana mmoja, inapungua kwa nusu. Tofauti kati ya hali hizi ni samaki mmoja au wawili katika milioni, na hakuna sensa ya wavuvi wala ukaguzi wa mialo unaoweza kuiona inapotokea. Hutokea katika maji ya wazi, miongoni mwa viumbe wenye urefu wa milimita chache, na kwa kawaida huwa imekwisha kutokea kabla samaki hajatimiza mwezi mmoja.

Kabla ya kuendelea, neno moja kuhusu istilahi. Kiswahili cha wafugaji huita samaki wote wadogo vifaranga, tangu aliyeanguliwa leo hadi yule wa kupandikizwa bwawani. Kwa mazungumzo ya sokoni neno hilo latosha. Kwa makala haya halitoshi, kwa sababu kiumbe anayezungumziwa hapa hana bado mapezi kamili, mfuko wa tumbo lake haujaumbika, na mara nyingi mwili wake ni mwangavu kama kioo. Tutamwita lava. Baadhi ya kamusi hupendekeza buu au kiluwiluwi, lakini la kwanza msomaji hulihusisha na wadudu na la pili na chura. Planktoni nazo ni viumbe wanaoelea majini na kuchukuliwa na mikondo: planktoni-mimea hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua, na planktoni-wanyama huwala hao au hulana wenyewe kwa wenyewe.

Siku ambazo haziwezi kurudishwa

Mwaka 1914 mtaalamu wa Norwe, Johan Hjort, alichapisha kazi iliyobadilisha namna watu wanavyofikiri kuhusu samaki wa baharini. Wavuvi wa heringi na chewa wa kaskazini walikuwa wakishuhudia miaka ya neema na miaka ya ukame wa samaki, na maelezo ya siku zile yalikuwa kwamba makundi yamehama. Hjort alionyesha kwamba samaki waliozaliwa katika miaka fulani huwa wengi mno na hutawala mavuno kwa miaka mingi, ilhali wa miaka mingine huwa karibu hawapo. Alipendekeza kwamba uamuzi hufanyika mapema sana, pale lava anapomaliza kiini na kulazimika kujitafutia chakula. Asipokikuta chakula cha kumfaa wakati huohuo, hufa.

Utafiti uliofuata ulilipa wazo hilo vipimo. Mwaka 1963 Blaxter na Hempel, wakifanya kazi na lava wa heringi, walieleza hatua ambayo baada ya kuivuka lava anakuwa hai bado, anaelea, moyo unapiga, lakini amedhoofu kiasi cha kutoweza tena kukamata windo hata likiwekwa mbele yake. Huyu ni mfu anayehesabiwa miongoni mwa walio hai. David Cushing wa Uingereza akaongeza kipengele cha wakati: samaki wa bahari za baridi huzaa katika majira yasiyobadilika sana, lakini mlipuko wa planktoni huwahi au huchelewa kwa kufuata mwanga na joto, wakikutana, mwaka ni mwema, wakipishana, mwaka ni mbaya. Naye Reuben Lasker, akichunguza lava wa samaki wa jamii ya dagaa katika pwani ya California miaka ya 1970, alionyesha kwamba wingi wa wastani wa planktoni hausemi kitu. Lava huhitaji tabaka lenye msongamano mkubwa wa chakula. Dhoruba moja ikilitawanya tabaka hilo, chakula kiasi kilekile kimo baharini, ila lava hawezi kukipata.

Jambo la Lasker linahitaji kufafanuliwa, maana ndilo linaloeleweka vibaya zaidi katika nyaraka za sera. Lava anayeanza kula huona umbali mfupi sana, pengine usiozidi urefu wa mwili wake. Huogelea kidogo, husimama, hujikunja, hurusha kichwa mbele, na mara nyingi hukosa. Kwa hiyo kinachohesabika kwake ni mawindo mangapi yanapita ndani ya tone dogo la maji linalomzunguka kwa saa moja. Tena si kila windo linamfaa. Mdomo wake ni mdogo mno. Kilichopita kipimo cha mdomo hicho si chakula, hata kiwe na lishe namna gani. Baharini, lava wa samaki walio wengi huanza kwa watoto wa kopepodi, ambao ni krustasia wadogo sana walio wengi katika planktoni-wanyama. Watoto hao wana urefu wa kati ya milimita 0.1 na 0.2 hivi. Wengine huanza kwa rotifa, ambao huweza kuwa wadogo zaidi.

Katika pwani yetu mfuatano huu unatawaliwa na pepo. Kusi na kaskazi hubadili mwelekeo na nguvu za mikondo, na pale Mkondo wa Somalia unapokutana na Mkondo wa Pwani ya Afrika Mashariki wakati wa kaskazi, kaskazini mwa Kenya, maji ya chini yenye rutuba hupanda juu na kulisha planktoni. Mvuvi wa Lamu anayefuata kalenda ya pepo kupanga safari zake, bila ya kulitaja neno planktoni, anafuata mnyororo huohuo.

Sangara ni samaki wa ziwani mwenye lava wa baharini

Msomaji wa Kampala ana haki ya kuuliza habari za heringi zinamhusu nini. Jibu liko katika namna samaki wanavyozaa.

Ngege, sato na jamaa zao hutunza watoto mdomoni. Mayai ni machache, makubwa, yenye kiini kingi, na mtoto anapotoka mdomoni mwa mama tayari anaogelea na ana mdomo mpana wa kutosha kula vitu vya aina nyingi. Ndiyo maana mfugaji wa sato anaweza kumlisha kifaranga unga laini tangu mwanzo na akafanikiwa. Sangara hafanyi hivyo. Mayai yake hayafikii milimita moja, yana tone la mafuta linaloyafanya yaelee, na huachwa katika maji ya wazi bila mlinzi. Jenasi yake, Lates, ina jamaa anayeishi baharini na kwenye milango ya mito ya Asia na Australia, Lates calcarifer, ambaye ufugaji wake umesomwa kwa kina. Lava wa huyo hufungua mdomo takribani siku ya pili baada ya kuanguliwa, na vituo vya Asia na Australia humlisha rotifa kwa siku kadhaa kabla ya kumpa kitu kikubwa zaidi. Ziwa Tanganyika nalo lina mgebuka, wa jenasi hiyohiyo, na dagaa ambao asili ya ukoo wao ni baharini. Kwa hiyo mjadala wa lava wa baharini unafika mpaka Jinja, Mwanza na Kigoma.

Sangara aliingizwa katika Ziwa Victoria kati ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kuongezeka kwa kishindo katika miaka ya 1980. Mengi yameandikwa kuhusu alichokula alipokuwa mkubwa, hasa samaki wadogo wa asili waliotoweka kwa wingi. Kuhusu alichokula alipokuwa na milimita tano yameandikwa machache sana. Inajulikana kwamba sangara mchanga hula planktoni-wanyama, kisha huhamia kwa uduvi wa ziwani, Caridina nilotica, na hatimaye kwa samaki wenzake, wakiwemo watoto wa sangara. Hatua ya kwanza katika ngazi hiyo ndiyo nyembamba kuliko zote.

Hapa hatuna budi kujihadhari na kuhamisha nadharia ya kaskazini nzima nzima. Chini ya Ikweta hakuna majira ya kuchipua ambayo samaki wote huyasubiri. Sangara huzaa karibu mwaka mzima, kwa vipindi vya kupanda na kushuka, kwa hiyo bahati nasibu huchezwa mara nyingi, si mara moja kwa mwaka. Lakini kila mchezo ni mfupi zaidi. Katika maji ya nyuzi joto 25 au zaidi kiini huisha ndani ya siku mbili hadi nne, ilhali heringi wa maji ya baridi huweza kuvumilia muda mrefu zaidi. Kwa hiyo katika ziwa letu hatari kubwa inaweza kuwa kukosea mahali kuliko kukosea tarehe: lava kuanguliwa penye maji mengi ya kijani na mawindo machache yanayoingia mdomoni.

Maji ya kijani hayamaanishi chakula

Ziwa Victoria lina eneo la takribani kilomita za mraba 68,800, na kina chake hakizidi sana mita 80. Historia ya kuchunguza planktoni zake ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani. E. B. Worthington, aliyekuwamo katika uchunguzi wa uvuvi wa mwaka 1927 na 1928, alifuatilia jinsi planktoni-wanyama wanavyopanda usiku na kushuka mchana. Baada ya shirika la utafiti wa uvuvi la Afrika Mashariki kuanzishwa Jinja mwaka 1947, kazi iliendelea. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 J. F. Talling alieleza mzunguko wa mwaka wa ziwa, likiwa na tabaka la joto juu na la ubaridi chini kwa miezi mingi, kisha pepo za kusini-mashariki kulichanganya lote kuanzia juu hadi chini mnamo Juni na Julai. Wakati huo planktoni-mimea zilizotawala zilikuwa diatomu wakubwa.

Ziwa hilo la Talling halipo tena. Fosforasi na nitrojeni kutoka mashambani, kwenye moshi wa kuchoma nyika na katika maji taka ya miji zimelirutubisha kupita kiasi. Robert Hecky, akiandika mwaka 1993, alionyesha kwamba uzalishaji wa planktoni-mimea umepanda sana na silika, ambayo diatomu huihitaji kujengea ganda, imepungua. Diatomu wakubwa wa zamani wameachia nafasi diatomu wembamba na, kwa sehemu kubwa ya mwaka, sianobakteria, zile zinazotanda juu ya maji kama rangi iliyomwagwa. Mwaka uliofuata L. Mwebaza-Ndawula alichapisha matokeo yake kutoka kaskazini mwa ziwa, upande wa Uganda: kopepodi wa kundi la saiklopoidi walikuwa wametawala, huku kopepodi wa kundi la kalanoidi na viroboto wa maji wakiwa wamepungua sana ikilinganishwa na kumbukumbu za zamani.

Kwa nini mabadiliko hayo yamhusu lava? Kiroboto wa maji na kalanoidi hula kwa kuchuja chembe ndogo, na makundi ya sianobakteria ni makubwa, yanaziba vyombo vya kuchujia, na mengine yana sumu. Saiklopoidi hukamata chembe mojamoja, hivyo huvumilia. Lakini saiklopoidi mzima ni mwindaji, na baadhi yao huweza kumshambulia lava mchanga. Kiumbe yuleyule basi ni chakula akiwa mtoto na adui akiwa mzima. Mukene, wanaoongoza kwa uzito katika mavuno ya ziwa, nao hula planktoni-wanyama. Lava wa sangara na mukene wanakutana mezani. Rutuba imeongeza wingi wa kijani, lakini haikuongeza kwa kiwango hichohicho kile kinachoingia mdomoni mwa lava, na kwa usiku mwingine imeondoa oksijeni katika maji ambamo lava angejificha.

Mfano wa karibu ni Ghuba ya Murchison. Maji ya mfereji wa Nakivubo hushuka kutoka katikati ya Kampala, hupita katika kile kilichobaki cha kinamasi cha mafunjo, na kuingia ghubani, si mbali na Ggaba, ambako mji huohuo huchota maji yake ya kunywa. Mjadala wa kinamasi hicho umekuwa wa gharama za kusafisha maji, na kwa haki. Lakini kingo za mafunjo zilizo salama ni mahali pa malezi pia: pana kivuli, pana wadudu na planktoni za aina mbalimbali, na sangara mkubwa haingii humo kwa urahisi kwa sababu havumilii upungufu wa oksijeni kama samaki wengine wanavyovumilia. Kila mita ya ukingo inayojazwa udongo huondolewa katika hesabu ambayo hakuna wizara inayoiweka.

Kopo kutoka Utah

Ziwani hatuwezi kumwekea lava chakula mdomoni. Katika kituo cha kutotolesha tunaweza, na hapo ndipo elimu hii inapopimwa kwa fedha.

Kambale wa Kiafrika, Clarias gariepinus, ndiye mtihani wa kila mzalishaji wa vifaranga, iwe Kajjansi, kwenye kituo cha serikali cha utafiti wa ufugaji samaki kilichopo barabara ya Entebbe, iwe katika vituo vya watu binafsi vilivyotapakaa Wakiso na Mukono. Kumfanya jike atoe mayai si tatizo tena. Sindano ya homoni humaliza kazi hiyo, na mayai huanguliwa kwa siku moja au moja na nusu. Siku ya tatu kiini kinaisha. Lava wa kambale wakati huo bado hana mfuko wa tumbo unaofanya kazi, na vimeng'enya vyake vya kumeng'enya protini ni hafifu. Unga mkavu hupita tumboni bila kumfaa vya kutosha, na uliobaki huoza chini ya tangi na kuharibu maji. Windo hai ni tofauti: linatikisika mbele ya macho yake na kumwamsha awinde, na halichafui maji kabla ya kuliwa. Siku tano hadi saba za chakula hai humvusha lava mpaka tumbo likamilike, kisha unga mkavu unaweza kuanza kuchukua nafasi kidogokidogo.

Chakula hicho, duniani kote, mara nyingi ni artemia: jamii ya uduvi wa maji ya chumvi kali ambaye mayai yake makavu hukaa koponi kwa miaka, na yakitiwa katika maji ya chumvi huanguliwa kwa siku moja, yakatoa watoto wa takribani nusu milimita. Sehemu kubwa ya mayai hayo hutoka katika Ziwa la Chumvi la Utah, Marekani. Kwa hiyo mfugaji wa Mukono, anayeuza kambale kwa shilingi, hununua siku tano za uhai wa vifaranga vyake kwa bei inayofuata dola na mavuno ya ziwa asiloliona. Kopo likichelewa, kizazi kizima cha tangi hufa ndani ya wiki moja, au, kama wazalishaji wajuavyo, kambale wenye njaa huanza kulana.

Afrika Mashariki imewahi kujaribu njia yake. Katika miaka ya 1980 artemia walipandwa katika mashamba ya chumvi ya kaskazini mwa Malindi, eneo la Gongoni, na wakazoea humo. Kwamba baada ya miaka hiyo yote makopo bado yanatoka Utah ni jambo ambalo Jumuiya inayojadili soko la pamoja ingelipasa kulitazama kwa makini, maana Malindi iko karibu na Kampala kuliko Marekani kwa namna yoyote ya kupima.

Hata hivyo kwa kambale, samaki wa maji yasiyo na chumvi, artemia si lazima. Jibu la bei nafuu limo bwawani. Bwawa dogo likikaushwa, likitiwa chokaa, likajazwa maji yaliyochujwa na kurutubishwa kwa mbolea ya kuku, hufuata mpangilio unaojulikana. Kwanza hulipuka planktoni-mimea. Ndani ya siku chache rotifa huongezeka. Kisha viroboto wa maji, hasa Moina. Na baadaye kopepodi wazima pamoja na wadudu wawindaji. Anayewatia lava siku rotifa wanapofika kileleni atawakuta wengi baadaye. Anayesubiri wiki mbili, akidhani maji yakizidi kukolea ndivyo chakula kinavyozidi, atakuwa amewapeleka lava kwa wawindaji wao. Kosa hili ni la kawaida mno, na linatokana na ile imani tuliyoigusa kwamba kijani ni chakula.

Njia ya pili ni kuwazalisha rotifa wenyewe katika mapipa. Japani ilianza kuwatumia kwa lava wa baharini katika miaka ya 1960 na hapo ufugaji wa samaki wa baharini ulipata msingi. Kwa maji yasiyo na chumvi kuna Brachionus calyciflorus na Brachionus angularis, huyu wa pili akiwa na urefu wa takribani milimita 0.1. Mwaka 2016 watafiti wa Kenya na Japani walichapisha vipimo vya ukuaji wa aina ya angularis iliyopatikana Kenya, kwa viwango tofauti vya joto na chakula. Hayo ni maji ya kanda yetu. Tahadhari ni kwamba rotifa wa pipani ni mali inayokufa haraka: umeme ukikatika na hewa ikakosekana usiku mmoja, pipa zima huweza kupotea. Kopo la artemia halina udhaifu huo, na mzalishaji anayeling'ang'ania si mjinga. Kituo cha umma kinachotunza mbegu safi ya rotifa na Moina, na kuwapa wazalishaji upya kila wapotezapo, kingeondoa hofu hiyo kwa gharama ndogo.

Wavu unaopima kisichohitajika

Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lililoundwa mwaka 1994 na lenye makao yake Jinja, huratibu kati ya nchi tatu sensa ya boti na zana, tathmini ya mavuno, na makadirio ya wingi wa samaki kwa mwangwi wa sauti. Uganda, kwa upande wake, imetumia jeshi kusimamia uvuvi tangu mwaka 2017 na kupata sheria mpya ya uvuvi na ufugaji samaki ya mwaka 2022. Vyombo vyote hivi vinamtazama samaki kuanzia anapoonekana kwenye wavu au kwenye mashine ya mwangwi. Sampuli za planktoni nazo zimechukuliwa, lakini nyingi zilifuata kalenda ya miradi, na mfululizo hukatika mradi unapofika mwisho.

Tunapendekeza sampuli hizo ziingizwe katika ratiba ya kudumu ya tathmini. Lakini pendekezo hilo halina maana bila ya jingine la kiufundi, ambalo mshauri wa sera angeweza kuliona dogo. Nyavu za planktoni zenye matundu ya milimita 0.1 au zaidi hukamata vizuri kopepodi wazima na viroboto wa maji. Rotifa na watoto wachanga wa kopepodi hupenya kwa wingi. Ripoti itakayotokana na wavu huo itasema kwa usahihi ni kiasi gani cha chakula cha mukene kimo ziwani, na haitasema karibu lolote kuhusu chakula cha lava. Panahitajika wavu wa matundu ya takribani milimita 0.05, au bora zaidi chupa ya maji iliyochotwa katika vina kadhaa, ikatiwa iodini, ikaachwa ituame na kuhesabiwa chini ya hadubini. Vituo vya kuanzia vinaweza kuwa vitatu tu upande wa Uganda: ndani ya Ghuba ya Murchison, nje ya mdomo wake, na maji ya wazi kusini mwa Jinja, kila mwezi, na mara mbili kwa mwezi wakati ziwa linapochanganyika Juni na Julai.